Televisheni Bila Sauti

Wiki iliyopita tulimzika Tata Wambui, dadake Mama, huko Gatuanyaga. Miguu ya Mama haimruhusu kusafiri, kwa hivyo nilibaki naye nyumbani, mtaa wa Landless, nikimwahidi kwamba ataona mazishi kwenye televisheni. Binamu yangu angetupigia simu ya video akiwa kando ya kaburi.

Televisheni ya Mama ni ya zamani, ikabidi ninunue adapta. Nilipounganisha laptop, picha ya mazishi ilikuja lakini sauti ikakataa. Adapta ilikuwa ya kupitisha picha tu, na laptop ilikuwa ikipeleka sauti yote huko huko. Mimi, fundi wa ukoo, nikaamua kwamba kama hatuwasikii, nao hawatusikii.

Mume wa marehemu akashika maiki, analia.

"Mama, ona huyu," nikasema. "Alimtoroka Tata akiwa mgonjwa, leo analia kuliko wote."

"Njoroge, nyamaza."

"Kwani nani atanisikia?"

Mzee akashusha maiki. Waombolezaji wote wakageuka, wakatutazama. Binamu yangu alikuwa ameunganisha simu yake na spika kubwa za mazishi, ili Mama amuage dadake.

Midomo ya binamu ikasema jambo. Hata bila sauti, nilisoma jina langu.