Mzee Mmoja wa Kwenye Hotuba

Mwalimu wa Kiswahili akiombwa hotuba hakatai. Anasingizia tu kwamba hana muda. Kina mama wauza mchele wa Bondeni walinitaka niwe mzungumzaji mkuu katika mkutano wao na wakulima. Biashara ya mpunga haikuwa tena ya ushirika peke yake, wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kufika hadi mashambani, na kina mama walitaka wakulima waache kuwaogopa wanunuzi hao.

Rasimu ya kwanza ilinifanya nipige miayo mwenyewe. Ya pili nikaianza na kisa: mzee mmoja aligoma kuuza mpunga wake, akisubiri lori la ushirika, mpaka mvua ikapenya bati na mpunga ukaota ndani ya magunia. Ngoja ngoja huumiza matumbo! Nilijua hapo watacheka.

Mzee huyo alikuwa baba mkwe wangu. Sikuona tabu kumtumia kwa sababu nilijua hatakuja. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani; akitokea njia hii, mimi nakatiza migombani. Nikihutubia mimi, yeye atakaa wapi?

Basi siku hiyo nikamnogesha. Nikaigiza hata alivyokuwa akitoka mbio kila aliposikia gari, kama mume wangu alivyonisimulia. Ukumbi wa kanisa ukavunjika mbavu. “Ndaga, mwalimu! Ndaga fijo!” walinishukuru, nami kichwa kikavimba.

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi nyuma na wenzake, alinisubiri mlangoni. Hakuwa na tabasamu.

“Baba yako alikuwa nje, chini ya dirisha.”

“Alikuja? Kufanya nini, mama?”

“Alisema mke wa mwanawe anahutubia watu, na yeye hajawahi hata kumsikia sauti. Kavaa na koti lake la kanisani.”

“Akasikia yote?”

“Mlipoanza kucheka aliondoka.”

Niliona aibu. Mimi niliyejaza ukumbi maneno sikuwa na ruhusa ya kumfuata mzee wa watu nimwombe radhi. Ilibidi mama anipelekee, na radhi ya kutumwa haina uso. Alirudi akasema baba amesamehe, yameisha. Nadhani alisamehe kweli. Lakini alikufa bila kusikia neno jingine lolote kutoka kinywani mwangu.