Mtoto Aliyesemewa na Nyumba Nzima

Mwanangu wa kwanza alitimiza miaka mitatu bila kutamka neno. Ilikuwa miaka ile Mwingereza ameshamrithi Mjerumani, nasi tukikaa Kariakoo, nyuma ya soko. Mtoto alisikia vizuri. Ukigusa mfuniko wa sufuria tu, huyo amefika jikoni. Lakini mdomo kimya. Mama mkwe, tuliyekaa naye nyumba moja, hakukosa la kusema: "Mama mtu maneno kama chiriku, mtoto bubu. Makubwa haya." Nilicheka naye kwa heshima, kisha nikaingia chumbani nikalia kwa hasira.

Ni yeye aliyeamua kwamba ulimi wa mtoto umefungwa. Chini yake kuna uzi, alisema, na ngariba aliyewatahiri wanawe wote ataukata kwa wembe. Mume wangu akakubali. Wakapanga Ijumaa ya wiki ya pili, kabla ya sala. Nilishamwona mtoto wa jirani aliyekatwa hivyo, kanga ya mama yake imelowa damu.

Nikampeleka mwanangu kwa shangazi yangu, mkunga, aliyekaa ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Akampaka asali juu ya mdomo wa juu, na mtoto akailamba yote.

"Ulimi uliofungwa haufiki huko," akasema shangazi. "Huyu hana haja ya kusema. Akinyoosha kidole tu, nyumba nzima mnapigana vikumbo kumpa. Aseme ili iweje?"

Kweli tupu. Kwetu, kumwacha mjukuu wa kwanza aombe kulionekana uchoyo. Shangazi akanipa kazi: mtoto apulize unyoya wa kuku mkekani, tupigiane makofi tukiimba, nimwachie neno la mwisho la wimbo, na akitaka kitu nikishike, nikitaje, ningoje.

Kungoja ndiko kulikonishinda. Nilishika andazi, nikasema "andazi," mtoto akanitazama machozi yakimlengalenga, na mama mkwe akatokea mlangoni na andazi lingine.

"Unamnyima mjukuu wangu kwa mafunzo gani hayo?"

"Mama, nangoja aombe."

"Mwanao si ombaomba."

Jibu nilikuwa nalo, ila mkwe hajibiwi. Siku zikaisha hivyo, unyoya unaruka na neno halitoki.

Ijumaa asubuhi nikavaa buibui, nikamchukua mtoto, nikaaga kwamba naenda sokoni. Uongo mtupu. Nilikuwa namkimbizia kwa shangazi. Katikati ya uwanja wa Mnazi Mmoja, jua limeshakuwa kali, akanivuta buibui.

"Maji," akasema.

Furaha yangu haikudumu hatua mbili. Nani angeniamini? Nikimficha leo, ngariba atakuja Ijumaa nyingine. Na maji yenyewe sikuwa nayo. Nikageuka, nikarudi mbio, naogopa lile neno lisije likapotea njiani.

Ngariba alishafika, amekaa uani anakunywa kahawa, mkoba wake uko miguuni.

"Mama, kasema," nikamwambia mama mkwe, nikihema. "Kaomba maji."

Akanitazama. Sikuwahi kuuona uso wake ukitaka kuniamini namna ile. Akachota maji mtungini, akakishika kikombe kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakumpa.

"Unataka nini, mjukuu wangu?"

Mtoto akanyoosha kidole. Mama mkwe akakivuta kikombe kifuani, maji yakamwagikia kanga yake. Moyoni nilikuwa namwomba asimpe, asimpe bado. Ngariba aliweka kahawa yake chini, akavuta mkoba.

"Maji," akasema mtoto. "Bibi, maji."

Mama mkwe alilia hata akashindwa kumfikishia kikombe mdomoni. Nilikipokea mimi, nikamnywesha.