Usingizi wa Mchana

Katika chekechea ile ya Scarborough, Toronto, iliyo chini ya jengo la ghorofa kumi na nane, hakuna aliyeweza kumlaza mtoto kama Otilia. Saa saba mchana, mapazia yakishushwa na vitanda vidogo vya turubai vikipangwa sakafuni, wenzake walimwachia wale wakaidi, wa kurusha viatu na kuomba maji mara tano. Otilia alikaa chini, akanyoosha miguu, akaweka kiganja mgongoni mwa mtoto na kumpigapiga polepole. Pigo moja, kimya kidogo, pigo jingine. Hakuimba. Baada ya dakika chache mtoto alikuwa amezama.

"Una dawa mkononi wewe," Razia alipenda kumwambia. Razia, mzaliwa wa Mwanza, ndiye aliyekuwa mkuu wa darasa, na kati ya walimu ni yeye tu aliyezungumza naye Kiswahili. "Siku moja njoo kwangu umlaze mzee wangu, maana anakesha na simu kama kijana mwenye mchumba."

Otilia alicheka, lakini mkono ule hakuupenda. Ndio aliomlazia mwanawe mchana mmoja kule Mbinga, miaka kumi na tisa iliyopita. Cyprian alikuwa na miaka minne. Begi lilikuwa limeshafungwa na kufichwa kwa jirani. Mama yake Otilia alisema wanavyosema watu wote: mtoto haagwi, mtoto hutorokwa, akiamka atalia kidogo, atapewa muwa, atasahau. Basi akampigapiga mgongo mpaka akalala, kisha akatoka kwa mlango wa uani, viatu mkononi.

Makaratasi ya kumleta mtoto ng'ambo yalichukua miaka saba. Katikati ya miaka hiyo, siku moja kwenye simu, Cyprian alimuuliza kwa nini hakumwamsha. "Sikutaka ulie," Otilia alijibu. Upande wa pili bibi yake akapokea simu na kuanza habari za mvua. Hawakulizungumza tena.

Cyprian alipotua Toronto alikuwa na miaka kumi na mmoja, na pale uwanja wa ndege alimwambia mama yake "Shikamoo" kwa adabu ile ya mtoto anayetambulishwa kwa mwalimu mpya. Katika nyumba yao ya ghorofani, Crescent Town, alikula alichopewa, akasoma, akawa fundi umeme. Hakuwa mkorofi. Ila jambo moja: hakulala mchana. Hata alipougua homa kali alikaa kitandani ameegemea ukuta, macho wazi, akimfuata mama yake kila alipopita.

Septemba ni mwezi wa vilio chekechea. Watoto wapya huja wameng'ang'ania shingo za wazazi, na sheria ni moja: mzazi hatoroki. Aage, aseme atarudi saa ngapi, aende. Mtoto apelekwe kwenye dirisha linalotazama maegesho ya magari, ampungie. Vioo vya chini vya dirisha hilo vilijaa alama za vidole na pua. Otilia, ambaye hakuna pale aliyejua habari zake za Mbinga, aliisimamia sheria hiyo kuliko walimu wote.

Aliyemshinda alikuwa Mama Gulshan, bibi wa miaka sabini kutoka Tanga, aliyemleta mjukuu wake Alisha kila asubuhi. Alisha alikuwa na miaka mitatu.

"Shikamoo, Mama Gulshan. Umemuaga?"

"Marahaba. Sss! Anacheza kuosha maboga, usimshtue. Mimi napita hapa hapa."

"Hapana, mama. Rudi umuage."

"Weye Otilia, Uzungu umeanza lini? Mama yangu akienda sokoni alikuwa anaruka dirishani kama mwizi. Nimekufa? Sikufa!"

"Hukufa. Lakini mpaka leo unalikumbuka dirisha."

"Mdomo huo!" alisema Mama Gulshan, akatoka hivyo hivyo, anachechemea haraka, ncha ya shali yake ikibanwa na mlango.

Alisha alipogeuka na kuona bibi hayupo, hakulia. Alivaa koti lake mwenyewe, akasimama mlangoni na brashi ya kuoshea maboga mkononi, maji yakimdondokea kwenye soksi. Otilia hakuweza kumtazama kwa muda mrefu.

Oktoba ikaingia na majani yakaanza kupukutika. Kila asubuhi walitoka na watoto wameshika kamba ndefu yenye vishikio, gambuti zikiburuta, wakaenda bustanini kuokota majani ya mti ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya nchi ile. Walirudi mifuko ikiwa imefura. Waliweka jani chini ya karatasi na kusugua juu yake kwa krayoni, mpaka mishipa yake ikatokea mmoja mmoja, na kila mara watoto walishangaa kana kwamba karatasi ndiyo iliyokuwa imelificha.

Wiki hiyo, wakila chakula cha jioni, Cyprian alisema amepata kazi Edmonton, mwendo wa saa nne kwa ndege. Ataondoka Alhamisi.

"Utakaa kiasi gani?"

"Sijui, Mama. Ni kazi ya kudumu."

"Ndege saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

"Nitakusindikiza."

"Uwanja uko mbali. Na wewe una kazi."

"Nitaomba ruhusa." Otilia aliweka kijiko chini. "Nataka nikuage, Cyprian. Safari hii nikuage vizuri."

Kijana alitazama sahani yake. Tangu siku ile ya simu, ilikuwa mara ya kwanza mmoja wao kuligusa jambo hilo. "Sawa," alisema.

Alhamisi Otilia aliomba kutoka saa nane. Asubuhi, watoto waliposugua majani yao, naye alisugua lake, jekundu, akaandika chini yake jina la mwanawe na tarehe, akaikunja karatasi na kuitia mkobani. Saa saba mapazia yakashushwa. Alisha alikuwa mgumu siku hiyo, anainua kichwa kila mara.

"Nikiamka utakuwepo?" alimuuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili cha bibi yake alikielewa tu.

"Nitakuwepo," Otilia alisema.

Alisema kwa mazoea, jicho likiwa kwenye saa ya ukutani. Pigo moja, kimya kidogo, pigo jingine. Pumzi za mtoto ziliporefuka, aliinuka taratibu, akavua viatu vyake ili sakafu isilie, akapita kwa mlango wa nyuma.

Akapanda basi moja, kisha la pili. Nyumbani alifika saa tisa na dakika chache, akaita toka mlangoni. Chumba cha Cyprian kilikuwa kimefagiwa. Shuka zilikuwa zimekunjwa juu ya godoro. Makande aliyomwachia yalikuwa yameliwa na sahani imeoshwa. Ufunguo ulikuwa mezani.

Alipiga simu mara tatu. Ya nne ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya mwanawe alisikia mvumo wa watu wengi.

"Uko wapi?"

"Nimeshapita ukaguzi, Mama. Ndege ni saa kumi."

"Ulisema saa moja."

"Najua."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sikutaka ulie."

Hakulisema kwa kisasi. Angalilisema kwa kisasi, Otilia angalijua pa kulishika. Lilitoka kwa upole, la mtu aliyempenda mtu na kuyaogopa machozi yake, na pengine hakukumbuka ni nani aliyelisema kwanza.

"Niage basi," alisema.

"Nitakupigia nikifika."

"Cyprian. Niage."

Sauti ya mwanamke ilitangaza namba za viti. "Wanatuita," alisema Cyprian, na simu ikakatika. Otilia alibaki amesimama na mkoba begani. Ilipotimia saa kumi na moja bado alikuwa hajavua koti.

Kesho yake Mama Gulshan alimngoja mlangoni.

"Ehe, mtu wa sheria! Jana umemtoroka mjukuu wangu. Ameamka, anakutafuta mpaka chooni, Razia kaniambia. Kumbe na weye unaruka dirishani!"

Mama Gulshan akamtazama vizuri. Sauti ikashuka.

"Una nini, mwanangu?"

"Cyprian ameondoka. Hakuniaga."

Mama Gulshan aliishika shali yake kwa mikono miwili. Alirudi darasani, akachuchumaa kwa magoti yake mabovu mbele ya Alisha, akamwambia anakwenda, na atarudi saa tisa. Mtoto alipiga ukelele uliogeuza vichwa vya darasa zima. Otilia alimbeba mpaka dirishani. Nje, kati ya magari, bibi alipunga mikono yote miwili huku analia waziwazi, na Alisha akakipiga kioo kwa kiganja mpaka bibi akapotea kwenye kona.

Saa saba Alisha hakutaka kulala. Alikaa kitandani, mgongo ukutani.

"Jana ulisema utakuwepo."

"Nilisema. Nikaondoka. Nisamehe."

"Na leo?"

"Leo lala ukitaka. Usipotaka, tutakaa."

Walikaa. Ilipita nusu saa kabla mtoto hajateleza chini mwenyewe. Otilia hakumpigapiga, aliweka mkono tu. Razia akaja kwa kunyata, akanong'ona, "Dada, nenda kale, nitamwangalia." Otilia akatikisa kichwa. Mguu wake ulikufa ganzi. Simu ilikuwa kwenye kabati la walimu, na hakujua kama imeita. Nyuma ya pazia majani yalikuwa yakigonga kioo na kuteleza.

Saa nane na nusu Alisha alifumbua macho. Alimwona Otilia pale pale alipomwacha. Hakushangaa hata kidogo. Alipiga mwayo, akaomba gambuti zake.