Mitungi Iliyopigwa Msasa

Jumanne, tarehe 4 Machi 1997, nilikuwa nimepiga magoti sakafuni mwa karakana yetu ya Gerezani, nikimimina maji kutoka katika mtungi wa hewa wa wapiga mbizi, vivuli viwili vilipoziba mlango. Kazi yangu tangu nilipotoka chuo cha ufundi ilikuwa kupima, kwa maji yaliyosukumwa kwa nguvu, mitungi inayobeba hewa kwa shinikizo kubwa, na kuigonga muhuri ile iliyostahili kuendelea kutumika. Wateja wetu hawakuwa wazee. Hawa walikuwa wazee.

Wa kwanza nilimfahamu kwa sura: Mhindi mwenye duka la vifaa vya michezo upande wa Kisutu, asiyekosa kalamu mfukoni mwa shati. Wa pili alivaa kofia ya kiua, na mkono wake wa kushoto ulijikunja kifuani kama kitu alichoombwa amshikie mtu.

“Shikamooni, wazee wangu.”

“Marahaba, binti,” alijibu mwenye kofia. “Tumekuletea wagonjwa watatu.”

“Wanne,” alisema mwenye duka, “ukimhesabu na huyu.”

Nilipowapa viti, nilielezwa habari yenyewe kwa zamu, kila mmoja akimsahihisha mwenziwe. Walikuwa marafiki tangu ujana, mmoja akiuza mipira na raketi, mwingine akiwa karani wa shehena bandarini. Kila Jumapili walikutana uani nyuma ya duka wakalenga shabaha za karatasi kwa bunduki za upepo, na aliyeshindwa alinunua chai. Kisha karani alipatwa na kiharusi. Bunduki ya aina yao hukunjwa mtutu kwa nguvu za mikono miwili kila unapotaka kupiga, naye alibakiwa na mkono mmoja.

“Nilimwambia nitamkunjia mimi,” alisema mwenye duka.

“Bunduki ya kukunjiwa ni sawa na kulishwa uji,” alijibu rafiki yake. “Sijafika huko.”

Basi mwenye duka alitafuta bunduki ya aina mpya, inayojazwa hewa kutoka mtungini. Mtu hufungua koki kwa vidole viwili, akaketi, akalenga. Bunduki aliipata. Mitungi aliipata Kariakoo, ndani ya kontena la mitumba lililokuwa na vifaa vya wazima moto wa Ulaya. Ilikuwa miaka ya soko kufunguliwa, na kontena likivunjwa lakiri mtaani hapo hukujua litatapika nini. Mitungi hiyo ilikuwa ya nyuzi za kaboni, na haikuruhusiwa kujazwa tena bila kupimwa upya.

Aliifungua kutoka ndani ya shuka safi. Iling’aa. Niliweza kuuona uso wangu kwenye ubavu wa mtungi wa kwanza.

“Nani aliipaka vanishi?”

“Fundi wa Buguruni, anayepaka rangi mabasi,” alisema mwenye duka kwa fahari. “Ilikuja imechubuka, binti, na makaratasi machafu ubavuni. Nikamwambia apige msasa kwanza, kisha apake vanishi mara tatu. Mtu haendi kupimwa akiwa mchafu.”

Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Kariakoo nzima iliishi kwa kanuni hiyo. Shati la mtumba hupigwa pasi kabla halijatundikwa. Friji kuukuu hung’arishwa kabla halijasogezwa barazani. Mama yangu mwenyewe, akiwa na homa ya kumtetemesha meno, hakukubali kwenda kwa daktari kabla ya kuoga na kujifunga khanga mpya. Mzee yule aliitendea mitungi yake kama alivyofunzwa kutenda kila kitu kinachokwenda mbele ya watu.

Nililazimika kumweleza kwamba ndani ya mtungi ule mna bati jembamba tu la aluminiamu, na kinachoizuia hewa isipasue ni nyuzi za nje. Msasa ulikuwa umezikata. Na yale makaratasi machafu ndiyo yaliyotaja mtengenezaji na mwaka wa kutengenezwa. Mitungi ya namna hiyo ina ukomo wa maisha, na ukishapita, haipimwi tena hata ikiwa mizuri vipi.

“Pima tu,” alisema. “Ukipasuka, si utapasukia ndani ya maji?”

“Unaweza kustahimili leo, mzee, ukapasuka mwezi ujao pembeni ya rafiki yako.”

“Siku hizi mambo yote ruksa, binti.”

“Hewa haijapata habari hiyo.”

Karani alicheka mpaka kofia ikamlegea. Kisha aliuinua mtungi mmoja kwa mkono wake mzima, akaupakata. “Mwepesi kama kitoto,” alisema, akaurudisha kwenye shuka mwenyewe, taratibu.

Alipotoka kumwita muuza kahawa, mwenye duka aliniinamia. “Jumapili mbili hakuja. Mkewe anasema anashinda kitandani, anatazama ukuta. Leo ametoka kwa ajili ya hii mitungi tu. Nilimwahidi kabla ya Idi Kubwa atakuwa analenga.”

Katika mtungi mmoja, chini ya vanishi, jina la mtengenezaji lilikuwa bado linasomeka nusu, kama maandishi yaliyozama kwenye asali. Niliahidi kumwandikia mtengenezaji huyo na kumuuliza. Sikuahidi zaidi ya hapo.

Nikisubiri jibu, niliwapitia Jumapili moja. Karani alikuwa amekuja, lakini ameketi pembeni, akiwa mwamuzi. “Umeua ukuta, bwana!” alimpigia kelele mwenziwe. “Ukuta umekukosea nini?” Mwenye duka alikosa tena, na nilihisi alikuwa akikosa kwa makusudi. Bunduki mpya ilining’inia msumarini. Nilipoondoka nilijikwaa kwenye kitu kilichozuia geti lisijifunge: mtungi wa chuma wa wapiga mbizi, mwekundu kwa kutu. Nilichuchumaa. Shingoni, alama zilizogongwa na kiwanda zilisomeka zote.

Jibu la mtengenezaji lilipokuja, niliwaandikia barua hii.

“Wazee wangu,

Shikamooni. Mtengenezaji amejibu kama nilivyohofia: mtungi uliopigwa msasa haupimwi. Hiyo miwili mingine haina hata jina, nayo siwezi kuigonga muhuri. Naomba ruhusa yenu niitoboe yote mitatu, isije ikamfikia mtu asiyejua. Najua ni kwa mapenzi ilipakwa vanishi, na pole nawapa wote wawili.

Lakini getini mwenu kuna mtungi wa chuma. Si mwepesi, wala hautapakatika. Ukifaa, utakaa sakafuni na kiti kitavutwa karibu yake. Hautaijaza bunduki mara nyingi kama ile ya kaboni. Koki yake, hata hivyo, hufunguliwa kwa mkono mmoja. Sisemi kwamba utafaulu, kwa kuwa kutu ya ndani sijaiona. Nasema unapimika.

Uleteni wiki hii, tuwahi Idi. Tafuteni kitu kingine cha kuzuia geti. Na nawasihi, wazee wangu, msiuoshe, msiusugue, msiupeleke Buguruni. Uje ulivyo, na kutu yake.”