Waliomfundisha Binti Yangu Kusoma

Nyumba ninayokaa sasa hapa Wete, Pemba, nimeijenga mwenyewe, na umeme nimeufunga mwenyewe. Diploma ya umeme iko ukutani sebuleni. Niliipata London kwa masomo ya jioni, mchana nikifagia majukwaa ya uwanja wa mpira Wembley. Kwa hiyo kusoma nakujua. Kilichonishinda ni kumfanya binti yangu asome Kiswahili.

Wakati huo bado tuko London, naye alikuwa na miaka kumi na minne, kazaliwa kule kule. Kiswahili anakifahamu, ila jibu linatoka kwa Kiingereza. Mama yangu alimwandikia barua kutoka Pemba kila mwezi, na msomaji nilikuwa mimi. Bibi akalalamika kwenye simu: "Kwani mambo yangu na mjukuu wangu lazima yapite kwako?" Nikanunua vitabu, nikanunua kamusi nene. Kamusi ikapata kazi ya kuzuia dirisha lisijifunge.

Kisha tukaingiza intaneti nyumbani. Nikagundua ukumbi wa mtandaoni ambamo Wapemba waliotawanyika duniani hubishana, nikajiandikisha kwa jina la Mwenye Diploma. Mtu akauliza kwa nini balbu za kwao haziishi kuungua. Nikamjibu kwa kirefu, kama ninavyojua mimi, na nilivyoipata diploma huku nikifagia Wembley nikaeleza.

Siku ya pili nikamkuta binti kaganda mbele ya kompyuta, anacheka peke yake.

"Baba, wanakusema wewe!" akanambia kwa Kiingereza chake.

Jamaa mmoja alikuwa ameandika: "Maelezo marefu, balbu bado haijawaka. Hiyo diploma ya umeme au ya kufagia, domokaya we?"

"Domokaya ni nini?"

"Msemaji hodari," nikamjibu.

Akanitazama, akaenda kuichomoa kamusi dirishani.

Tangu siku hiyo akitoka skuli hata viatu havui. Kila jibu jipya alilisoma, neno baada ya neno, maana aliyekuwa akisemwa ni babake na hakutaka limpite hata moja. Wiki ya tatu nikakuta maneno yasiyo yangu chini ya jina langu: "Mimi bintiye. Anajisifu sana, kweli. Lakini diploma anayo, nimeiona. Na balbu zetu zinawaka."

Barua ya bibi ilipofika, aliinyakua mlangoni kabla yangu. Akasoma polepole, midomo ikimcheza, mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko.

"Anasemaje?"

"Mambo yangu na bibi," akanijibu, kwa Kiswahili.