Michembe Iliyorudi Nyumbani

Juzi nilishuka stendi ya Bariadi nikamkuta mama anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imechemshwa na karanga. Nilitafuna kipande kimoja tu, nikajikuta nimerudi kijijini kwa bibi, upande wa Lalago, na swali langu la siku nyingi likaamka. Labda wewe utanisaidia, maana mimi limenishinda.

Enzi hizo moto haukuwa na mwenyewe. Ukizimika jikoni, bibi alinituma kwa jirani, nyuma ya ua wa minyaa, nikaombe kijinga cha moto. Mke wa jirani hakuniacha niondoke hivihivi. Alinitilia michembe ya moto kiganjani, nikawa nairusha mkono huu na huu hadi nyumbani. Bibi alimpenda mwanamke yule kuliko dada zake.

Kisha alfajiri moja ukapigwa mwano, ule ukelele wa kwamba ng'ombe wameibiwa. Mwano ukisikika kwetu, kila mwanamume anatoka na fimbo yake. Jirani hakutoka. Mtoto wake mchanga alikuwa na degedege, naye ndiye aliyekuwa amempakata. Ng'ombe walipatikana, lakini mkutano wa kijiji ukaamua atengwe mpaka aombe radhi: nyumba yake isisalimiwe, isipewe moto, isiteke maji na wengine. Akakataa kuomba radhi kwa kukaa na mwanawe.

Basi tukawa tunapishana nao njiani na hakuna aliyesema mwangaluka. Salamu ilikuwa inaniwasha ulimini. Kinachonichanganya mpaka leo ni kwamba nyumbani kwetu wote tulikuwa upande wake. Babu alisema hata yeye asingemwacha mtoto. Bibi alilia kabisa. Nikamuuliza, sasa mbona hatuwasalimii?

"Watu watatuonaje, mayu?" Mayu ni mama; ndivyo alivyoniita akinibembeleza.

Nikawa nawatafuta kwa macho hao watu. Sikuwaona. Niliowaona ni sisi tu na majirani zetu.

Mwisho jirani alichoka. Akapakia vyungu na mikeka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ahame. Siku hiyo bibi alichemsha michembe tangu asubuhi, akaifunga kwenye kanga yake mpya, akasimama kando ya njia. Mkokoteni ukapita taratibu, mke wa jirani kakaa juu na mtoto mgongoni, anamtazama bibi. Ng'ambo ya njia watu wa mji mwingine, kaya ya jirani, nao walikuwa wamesimama. Bibi alitazama kule, akatazama mkokoteni, akatazama tena kule, mpaka vumbi likatulia. Akarudi ndani na kifurushi chake. Tuliila jioni ile michembe, wala hakuna aliyeisifu.

Safari hii nimekuta ua wa minyaa umeng'olewa, na jikoni kuna mtungi wa gesi. Hakuna mtoto anayetumwa kuomba kijinga cha moto. Bibi yangu hayupo tena. Wa umri wake aliyebaki ni bibi wa ule mji wa ng'ambo ya njia. Nikamuuliza kwa nini siku ile hawakuwaaga wale watu.

Alivuta kanga mabegani.

"Nilikuwa na karanga za kuwapa ndani ya kikapu," alisema. "Ila nilimwona bibi yako amesimama tu. Nikasema, kama yeye rafiki yake hasogei, mimi ni nani?"

Nilitaka kumwambia kile alichokuwa ameshika bibi yangu siku ile. Nikaaga tu, nikaondoka.