Siku Sultani wa Mwalo Alipopigiwa Kura

Nilifunga safari ya Kigoma kwa sababu ya simu moja. Dada yangu Yustina ni mwenyekiti wa chama cha wavuvi na waanika dagaa katika mwalo mdogo, ufuko wa kushushia samaki, mbele kidogo ya Ilagala. Alinipigia nikiwa dukani kwangu Morogoro akasema, "Wanataka kuifuta katiba yetu wamrudishe Mzee Sefu. Njoo." Dada huyu hajawahi kuniita tangu tumzike mama. Nikafunga duka siku hiyo hiyo.

Niwaeleze kwanza, ninyi wa nyumbani, Mzee Sefu ni nani. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliuongoza mwalo ule bila kupigiwa kura na mtu, na watu wakamwita Sultani. Alikuwa na mitumbwi kumi yenye injini, na neno lake ndilo lililoamua nani avue na nani aanike wapi. Siku hizi amebakiwa na miwili, na mmoja kuku wanatagia ndani. Mwaka jana wavuvi na wanawake waliandika katiba yenye uchaguzi na mikutano, naye akaikubali kwa kununa. Kisha wakamchagua dada yangu, mtoto wa kuli wa bandarini!

Treni ilitufikisha Kigoma asubuhi ya siku ya tatu, mgongo ukiwa umekufa ganzi. Nililala Katubuka kwa Mama Eliza, rafiki wa familia yetu tangu enzi za baba. Alinipakulia ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, iliyoungwa kwa mawese, akanitazama nikila.

"Yustina mwambie asiogope," alisema. "Na wewe usiende kupigana. Nyie kwenu mikono myepesi, nawajua."

Nilicheka, lakini kusema kweli nilikuwa nimekunja ngumi tangu Tabora.

Kesho yake alfajiri nilipanda gari, tukapita Ujiji, tukafuata barabara ya kusini hadi Ilagala. Kutoka hapo bodaboda ilinifikisha mwaloni yapata saa tatu. Ziwa lilikuwa shwari. Dagaa walikuwa wametoka kuanikwa, wametanda mchangani na juu ya vichanja hadi upeo wa macho. Wanaume walikuwa wamelala majumbani, kwa maana ilikuwa giza, yaani zile siku zisizo na mwezi ambapo mitumbwi hukesha ziwani na taa zake.

Hata sijaweka begi chini, filimbi ikalia. Jumanne, mpwa wa Mzee Sefu, alikuwa amevunja kufuli ya ofisi ya chama. Mkono mmoja alishika muhuri, mwingine katiba.

"Kuanzia leo hii katiba imefutwa!" alipaza sauti. "Mkutano mkuu ni hapa, sasa hivi!"

Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mzee Sefu na kanzu yake iliyopigwa pasi. Nikauona ujanja. Saa ile wavuvi wamelala fofofo, na mwanamke gani atawaacha dagaa wabichi? Jumanne angejaza mkutano kwa ndugu zake, mambo yakaisha kabla ya adhuhuri.

"Dada, nikawaamshe wavuvi?" nilimuuliza Yustina, aliyekuwa ameinamia dagaa wake.

"Uwaamshe wapigane? Halafu leo waingie ziwani na macho mazito, tuje kuokota maiti? Waache walale. Shika upande huo tugeuze."

Basi mimi, na shati langu la safari, nikainama kugeuza dagaa. Wanawake wote waliendelea na kazi, hakuna aliyeinua kichwa, na katikati yao alikuwamo mke wa Jumanne mwenyewe.

"Mama Shida!" Jumanne alimwita. "Njoo mkutanoni!"

"Niwaachie kunguru dagaa kwa ajili ya mkutano wako?" alijibu bila kugeuka. "Mkutano ni mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu. Hata wewe unajua."

Mwalo mzima ukacheka. Hapo ndipo hesabu za Jumanne zilipomharibikia. Alijua wanawake wa wenzake hawatawaacha dagaa, akasahau kwamba na ndugu zake wana wake. Kufikia adhuhuri mbele ya kiti kile walikuwa watu tisa, wawili wakisinzia. Mzee Sefu aliuliza, "Watu wako wapi?" Akainuka, akajifuta kanzu, akaenda zake.

Dada alimfuata Jumanne, mikono ikinuka dagaa. "Rudisha muhuri," alisema. "Kama hamnitaki, andikeni malalamiko. Katiba inawaruhusu. Tutayapigia kura mbalamwezi."

Nilikasirika. Mtu kavunja ofisi, unampaje nafasi nyingine? Jioni nikamwambia hivyo, naye akanijibu, "Nikiwanyima kura, mimi ndiye nitakuwa nimeifuta katiba."

Siku ya sita tangu nifike, mwezi ulikuwa umekua na mitumbwi ikabaki ufukoni. Alasiri walijaa watu hata pa kukanyaga hapakuwepo. Malalamiko ya kina Jumanne yalisomwa, na swali likawa moja: Yustina abaki au aondoke? Waliotaka abaki walinyoosha mikono, ikahesabiwa sitini na mmoja. Wakaitwa waliotaka aondoke. Wa kwanza kunyoosha alikuwa Mzee Sefu. Hakuushusha mkono mpaka mhesabuji alipomfikia. Jumla yao, arobaini na wanne.

Dada yangu hakuruka wala kupiga vigelegele. Alisoma matokeo na kufunga mkutano, akaenda kuandaa vichanja. Mimi ndiye niliyelia. Nilimwonea fahari, na sioni haya kuliandika.

Asubuhi yake nilianza safari ya kurudi. Nilikwenda na ngumi, nikarudi nimejifunza kwamba katiba hulindwa na watu wanaojua kazi zao na saa zake, na wanaokubali kuhesabiwa hata kura zao zikiwa chache. Nikisubiri bodaboda, Mzee Sefu alikuja taratibu na fimbo yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Yustina anasema wewe huandika."

"Naandika kidogo, Mzee."

"Basi andika kwamba nilishindwa kwa kura." Alinikazia macho. "Usije ukaandika nilipinduliwa."